Barua ya wazi kwa wakuu wa makumbusho: hadithi zao hazikuishia pale walipovuliwa nguo

KWA: Mkurugenzi wa makumbusho, pamoja na wajumbe wote wa kamati ya maonyesho

YAH: CHUMBA CHA "WANAWAKE WALIOJIFANYA WANAUME"

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mnaostahili shikamoo, na salaam kwa wengine wote. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni yule mwongoza wageni wa kujitolea wa Jumamosi, mnanijua kwa sura hata kama jina mnalikosea kila mara, na hicho chumba nimekizunguka na wageni zaidi ya mwaka sasa, kwa hiyo siandiki kwa kusikia. Imeili ya kwanza niliwatumia, kimya. Nikaandika barua ya karatasi, ikagongwa muhuri wa "imepokelewa" na ndo ikawa imezikwa hapo. Mara ya tatu nikamkamata mmoja wenu kwenye ngazi, hata sijamaliza sentensi akaniambia suala liko kwenye mchakato. Na sisi wote tunajua kitu kikishaingia kwenye mchakato kinatokaje. Basi nimeamua kuandika hadharani. Sina ugomvi na mtu, picha zilizopo ni nzuri, taa nzuri, rangi ya ukuta nzuri. Shida yangu ni maneno mliyoyaandika chini ya picha.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kila hadithi inaishia sehemu moja, pale mtu alipogundulika.

Nendeni mkasome kibao cha daktari James Barry. Kina mistari minane, mitano inahusu maiti. Eti alifariki London mwaka 1865, mama aliyekuja kuuandaa mwili akakuta ni wa mwanamke, watu wakapigwa na butwaa, basi. Mgeni anatoka pale kajifunza nini? Huyu mtu alizaliwa Ireland akiitwa Margaret Bulkley, akaenda kusomea udaktari Edinburgh wakati hakuna chuo cha udaktari Uingereza kinachopokea mwanamke, akamaliza 1812, mwaka uliofuata akaingia jeshini na akatumikia zaidi ya miaka 40 mpaka akafikia cheo cha mkaguzi mkuu wa hospitali za jeshi. Akiwa Cape Town mwaka 1826 alimpasua mama mjamzito akatoa mtoto na wote wawili wakapona, na hapo dawa ya usingizi bado haijajulikana na upasuaji wa hivyo kwa kawaida mama alikuwa anakufa. Mtoto akapewa jina la daktari, jina likarithiwa kwenye ukoo na marafiki wa ukoo mpaka likafika kwa waziri mkuu mmoja wa Afrika Kusini, James Barry Munnik Hertzog. Aligombana na wakubwa kuhusu maji machafu, kuhusu wafungwa, kuhusu wagonjwa wa ukoma walivyokuwa wanatunzwa, aligombana hata na yule muuguzi maarufu Florence Nightingale (wakali wawili hao, natamani ningekuwepo). Hivyo vyote kwenye kibao havipo. Mmemuosha maiti tu mkaondoka zenu.

Halafu Albert Cashier, huyu ndo ananiuma zaidi. Mmeandika kwamba aligundulika mwaka 1911 alipogongwa na gari akavunjika mguu. Sawa, ni kweli. Ila mkanyamaza hapohapo kwa furaha kama mtu aliyemaliza kufumbua fumbo. Kilichofuata je? Cashier alizaliwa Ireland kwa jina la Jennie Hodgers, akajiunga na kikosi cha 95 cha Illinois mwaka 1862, akapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani mpaka mwisho, yumo kwenye kuzingirwa kwa mji wa Vicksburg na mapigano mengine kibao, akarudi kijijini Saunemin akaishi kama Albert, anawasha taa za barabarani, anasafisha kanisa, anapiga kura miaka ambayo wanawake hawaruhusiwi. Baada ya ile ajali daktari na tajiri wake walitunza siri, wakamsaidia akapata nafasi kwenye makazi ya maaskari wazee. Mwaka 1914 akahamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili na huko wakamlazimisha avae sketi. Mtu wa miaka 70, hajavaa sketi tangu ujana. Na watu waliomtetea ni askari wenzake, wazee waliopigana naye, walienda kutoa ushahidi kwamba huyu ni Albert wetu tunamjua, na pensheni yake ikaendelea. Alipofariki 1915 wakamzika na gwanda lake na jiwe la kaburi likaandikwa Albert Cashier.

Sasa niambieni, hapo habari ni ajali ya gari, au ni wale wazee?

2. Hamsemi waliwezaje.

Kuna siku nilikuwa na kundi la wanafunzi, binti mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Sasa huyu alikuwa anajisaidia wapi?" Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu akamkaripia. Mimi nikamwambia mwalimu amuache, kwa sababu hilo ndo swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa mle ndani na kibao chetu hakina jibu. Majibu yapo. Wakati wa vita vile vya Marekani ukaguzi wa afya ulikuwa wa haraka haraka, wengi hawakuvuliwa nguo, wanaangalia kama una meno ya kung'atia karatasi ya risasi na vidole vya kufyatulia bunduki, pita. Jeshi limejaa vijana wadogo wasio na ndevu, kwa hiyo uso laini haumshtui mtu. Askari wanalala na nguo zao, wanaoga kwa nadra, na anayependa kwenda msituni peke yake kujisaidia haonekani wa ajabu maana vyoo vya kambi vilikuwa vinanuka kiasi kwamba wengi walikuwa wanavikwepa. Inakadiriwa wanawake wasiopungua 400 walipigana vita ile kwa mtindo huo. Hata vita ilipoisha, Cathay Williams, aliyezaliwa mtumwa Missouri, alijiandikisha jeshini Novemba 1866 kwa jina la William Cathay akalazwa hospitali za jeshi mara kadhaa bila madaktari kushtuka, mpaka 1868. Waliojua walikuwa wawili tu kikosini, binamu yake na rafiki mmoja, na hawakumtaja.

Yaani mtu akishavaa suruali na kofia watu walikuwa hawaangalii zaidi. Hilo peke yake lina mafunzo kuliko chumba kizima.

3. Kila mmoja mmempa sababu ya mapenzi.

Nimehesabu, vibao sita kati ya kumi na moja vina "akimfuata mpenzi wake" au maneno yanayofanana na hayo. Jamani. Hannah Snell nakubali, huyo wa Uingereza kweli aliingia jeshini kumtafuta mume aliyemtoroka, ingawa hata yeye akishaingia alienda mpaka India akapigana 1748 akajeruhiwa, baadaye akapewa pensheni kwa jina lake mwenyewe, kwa hiyo mume hapo ni mlango tu. Lakini Cathay Williams alisema mwenyewe kwa mwandishi wa gazeti mwaka 1876 kwamba alitaka ajitafutie riziki asiwategemee ndugu na marafiki. Alisema mwenyewe! Nyie mmeandika alimfuata "mtu wake wa karibu", ambaye nafikiri mlimaanisha yule binamu.

Na Jeanne Baret mmemwandika "mpenzi wa mtaalamu wa mimea". Alikuwa na uhusiano na Philibert Commerson, hakuna anayekataa, ila kwenye ile meli ya safari ya Bougainville iliyoanza 1766 alipanda kama Jean, msaidizi, maana sheria ya jeshi la majini la Ufaransa ilikataza wanawake melini, na Commerson alikuwa na mguu mbovu kwa hiyo anayepanda milima kubeba vyombo na kukusanya mimea ni nani? Ule mmea wa bougainvillea mnaouona umepandwa kwenye fensi kila mahali ulikusanywa kwenye safari hiyo, ukapewa jina la kapteni. Baret akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia, serikali ikampa pensheni ya livre 200 kwa mwaka mnamo 1785, na jina lake likawekwa kwenye mmea, Solanum baretiae, mwaka 2012. Miaka zaidi ya 200 kusubiri. Kibao chetu kina nafasi ya hayo yote kama mkifuta neno mpenzi, limeandikwa mara tatu.

Mbona wanaume waliokwenda vitani hatuwaulizi walimfuata nani? Sisa Abu Daooh wa Luxor, Misri, mume alifariki yeye akiwa mjamzito, akavaa kanzu na kilemba akafyatua matofali akapiga watu viatu rangi zaidi ya miaka 40 ili binti yake ale, na mwaka 2015 rais wa nchi akampa tuzo ya mama bora. Alipokea tuzo amevaa hivyohivyo nguo za kiume. Huyo kwenye chumba hayumo kabisa, labda kwa kuwa mpenzi wa kumpa mlikosa.

4. Mmechanganya hadithi na historia.

Papa Joana, yule anayedaiwa kuwa mwanamke aliyefika kuwa papa wa Roma, anakaa ukuta mmoja na Deborah Sampson, askari wa vita vya uhuru vya Marekani, fremu zinafanana, maandishi yanafanana. Simulizi za Papa Joana zilianza kuandikwa karne ya 13, kama miaka 400 baada ya wakati anaodaiwa kuishi, na wanahistoria hawaikubali. Mulan ni shairi la kale la China, zuri sana, lakini ni shairi. Sampson ana makaratasi, aliingia jeshini Massachusetts 1782 kwa jina la Robert Shurtliff, akaachishwa kwa heshima Oktoba 1783, akapigania pensheni yake miaka mingi. Ukiwaweka sawasawa matokeo yake siyo kwamba watu wanamwamini Joana, matokeo ni kwamba hawamwamini Sampson. Nimewasikia kwa masikio yangu, "hizi ngano nzuri kweli". Siombi hadithi zitolewe, naomba ziwe na ukuta wake na iandikwe kabisa kwamba ni hadithi.

Na Hatshepsut, kwa heshima zote, hakujifanya mtu yeyote. Ndevu za bandia zilikuwa vazi la farao kama vile taji, na maandishi yake mengi yanamtaja kwa sarufi ya kike. Misri nzima ilijua. Kumwandika "alidanganya taifa" ni kumsingizia mama wa watu aliyetawala miaka zaidi ya 20.

5. Kiswahili kilishawarahisishia kazi, nyie mkaikataa.

Hili naliona kama mtu ninayependa lugha. Waandishi wa lugha nyingine wanahangaika sana na watu kama Cashier na Barry, kila sentensi inawalazimisha wachague wa kike au wa kiume. Sisi hatuna hilo tatizo. Alipigana. Alitibu. Alizikwa. Hiyo "a" haimuulizi mtu jinsia. Sasa nyie badala ya kushukuru mkaenda kuchomeka "mwanamke huyu" mara kumi na moja kwenye kibao cha Cashier, nimehesabu mbele ya wageni, wakanisaidia kuhesabu.

Kuna waliovaa kwa muda wakavua. Dorothy Lawrence alikuwa mwandishi wa habari, mwaka 1915 akavaa gwanda akafika mstari wa mbele Ufaransa kutafuta habari, siku chache tu akajisalimisha. Williams alisimulia maisha yake kama mwanamke. Na kuna walioishi hivyo mpaka kufa na hawakutuachia neno la kueleza kwa nini, kama Barry, kama Cashier, kama Billy Tipton mpiga piano wa jazi aliyefariki 1989 na hata watoto aliowalea hawakujua. Hao msiwatie wote kwenye gunia moja la "waliojifanya". Miaka 50 mtu anajifanya? Aliyeacha maneno yake wekeni maneno yake, asiyeacha semeni hakuacha, halafu mgeni afikirie mwenyewe, mgeni siyo mtoto.

6. Sheria haipo kabisa.

Mtu akiingia anadhani hawa walikuwa wanacheza maigizo. Jeanne d'Arc, binti aliyeongoza jeshi la Ufaransa, alichomwa moto Rouen tarehe 30 Mei 1431, na kilichomfikisha pale mwishoni ni kurudi kuvaa nguo za kiume baada ya kuapa kuziacha. Paris mwaka 1800 mkuu wa polisi alitoa amri kwamba mwanamke anayetaka kuvaa kama mwanamume lazima apate kibali, na mchoraji Rosa Bonheur alikuwa anatembea na kibali cha miezi sita sita, cha 1857 kipo, ili aweze kwenda kuchora kwenye minada ya farasi na machinjioni bila kusumbuliwa. Baadaye wakalegeza, suruali ruksa ukiwa umeshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Hiyo amri imekuja kutangazwa rasmi haina nguvu mwaka 2013. Nani asingesimama kusoma kibao kama hicho? Nakala ya kibali ingependeza pale mlangoni kuliko hiyo sanamu ya plastiki.

7. Afrika tumepewa Hatshepsut peke yake, na yeye mmemweka chini ya "Ulimwengu wa Kale".

Njinga, mtawala wa Ndongo na Matamba (Angola ya leo), yuko wapi? Ofisa wa Kiholanzi aliyekaa na jeshi lake miaka ya 1640 aliripoti kwamba alivaa kiume na alitaka aitwe mfalme, na Wareno walipigana naye miongo. Ahebi Ugbabe wa Enugu-Ezike, Nigeria, je? Aliyekimbia kwao akiwa binti, akarudi, Waingereza wakampa uchifu mwaka 1918, naye akapanda mpaka kuwa mfalme, akaoa wake, akaishi kama mwanamume, mpaka siku alipoleta hadharani ngoma ya kinyago ya kwake mwenyewe, jambo la wanaume tupu, na hapo wazee wakasema sasa imetosha. Ufalme walimvumilia, kinyago wakakataa. Mwishoni alijifanyia mazishi yake akiwa hai maana hakuwa na imani kwamba watu wake watamzika inavyostahili. Hadithi kama hiyo inakosaje ukuta? Ningeweza kuongea nusu saa hapo.

Najua mtakavyojibu, kwa hiyo niokoe muda.

Mtasema nafasi ni ndogo. Toeni lile jedwali la "Je, wajua?" lenye picha za watu maarufu waliovaa suruali, halimfundishi mtu chochote, nafasi ya vibao vinne hiyo.

Mtasema wageni wanapenda ule mshtuko wa mwisho. Wanapenda, ndiyo, sekunde kumi. Ila nikiwasimulia wale wazee waliomtetea Cashier kuna watu wanatoa leso, na wanabaki mle ndani.

Mtasema tutaonekana tunachochea mambo, viongozi wa dini watalalamika. Kumbukumbu la Torati 22:5 inakataza mavazi ya kubadilishana, naijua, na iwekwe ukutani maana ni sehemu ya historia hiyohiyo. Ila wekeni pembeni yake Mtakatifu Marina, ambaye simulizi za kanisa zinasema aliishi monasterini kama mtawa wa kiume, akasingiziwa kumpa binti wa watu mimba, akakubali adhabu na kumlea yule mtoto kuliko kujitetea kwa njia rahisi aliyokuwa nayo. Wekeni na Catalina de Erauso, Mhispania aliyetoroka utawani, akawa askari Chile na muuaji juu yake, na Papa Urban VIII akamruhusu aendelee kuvaa kiume. Dini hazikuwahi kuwa na jibu moja hapa.

Na mtasema wewe siyo mtaalamu. Kweli siyo. Ndo maana niliomba mara tatu mmtafute mtaalamu.

Ninachoomba:

(a) Vibao vya Barry, Cashier, Baret na Williams viandikwe upya kabla ya msimu wa ziara za wanafunzi. Hivyo vinne kwanza, vingine vinaweza kusubiri.

(b) Jina la chumba libadilishwe. "Waliojifanya" litoke. "Walioishi kama wanaume" linatosha, siyo la kishairi lakini halisingizii mtu.

(c) Hadithi na historia zitenganishwe, na Afrika iongezwe.

(d) Mnijibu kwa maandishi. Hata "hapana" ni jibu, nitaipokea, ila iwe na sababu na iwe na sahihi ya mtu.

Kwa sasa nitaendelea kuja Jumamosi kama kawaida, na nawaambia mapema ili msisikie pembeni, wageni nawaomba wasisome vibao, wanisikilize mimi. Kama hilo ni kosa niambieni.

Wenu katika kazi,

Mwongoza wageni wa kujitolea, zamu ya Jumamosi

N.B. Kibao cha Cathay Williams kilibanduka tangu mwezi uliopita. Mwaka 1891 aliomba pensheni akiwa anatembelea gongo na amekatwa vidole vya miguu, wakamnyima, na sasa kwetu yuko chini sakafuni. Nimemwegesha ukutani kwa muda. Gundi nimenunua mwenyewe, naomba ruhusa tu ya kumpandisha.